Siku Azniv Alipoziona Zikiachana

Hebu mwone anavyokuja. Ni asubuhi ya mwezi wa nne, mvua za baridi zimekwisha, na Burj Hammud, mtaa wetu wa Waarmenia hapa Beirut, imeanza kunuka ngozi na gundi ya viatu kama kawaida yake. Azniv anakata kona penye duka la nyama kavu, mkoba begani, anatembea kama mtu aliyebeba trei ya mayai kichwani. Muuza kahawa anamtolea kikombe chake cha kila siku. Anatikisa kichwa na kupita. Ngazi za jengo la maabara anazipanda polepole, mkono ukutani, yeye ambaye siku zote huziruka mbili mbili.

Kabla hajavua koti, Hanadi, mwenzake wa kazi, akamwuliza mimba ina miezi mingapi. Azniv akataka kujua nani kamwambia.

"Umekataa kahawa," Hanadi akasema. "Nimekuona dirishani. Shoga, wakati wa vita mizinga ililia juu ya vichwa vyetu na wewe kahawa ukainywa. Leo umeikataa. Nilitaka niambiwe na nani tena?"

Wakacheka mpaka wakatafuta viti. Azniv alikuwa ameolewa muda mrefu bila mtoto, na mtaani kwetu jambo la namna hiyo halikai ndani ya nyumba ya mtu. Wanawake waliokutana naye sokoni walimtazama tumboni kwanza, usoni baadaye. Mumewe Nubar, fundi viatu, alishazoea wateja kumwuliza habari za nyumbani kwa sauti ile ya kuuliza habari za mgonjwa. Sasa mimba imeingia, na Azniv alitaka kitu kimoja tu duniani: ibaki mpaka azae.

Maabara yao ilihesabu kromosomu. Nitakueleza kama Azniv mwenyewe alivyonieleza mimi, maana darasani hakuna aliyewahi kunifundisha, na nilimrudisha nyuma mara nyingi mpaka nikaelewa, kwa hiyo nawe usione haya kurudia.

Mwili wote ni seli, na seli huongezeka kwa kugawanyika, moja ikawa mbili. Ndani ya kila seli mna kromosomu arobaini na sita, kama vijiti vidogo, ndizo zilizobeba maagizo ya jinsi mtu anavyotengenezwa. Seli ikikaribia kugawanyika, kila kromosomu hujifanyia pacha wake, na mapacha hao hushikana kiunoni. Halafu wote hujipanga mstari katikati ya seli. Kutoka ncha mbili za seli hutambaa nyuzi, nyembamba kupita unavyoweza kuwaza. Uzi wa upande huu unamshika pacha mmoja kiunoni, uzi wa upande ule unamshika mwenzake. Na hapa ndipo Azniv alipokuwa akiinua kidole kila akisimulia: hakuna anayeondoka mpaka wote wameshikwa. Akibaki mmoja tu hajapata uzi, mstari mzima unamsubiri. Wakishashikwa wote, viuno vinaachia, na mapacha wanavutwa, huyu huku, huyu kule, kila upande ukapata hesabu yake kamili. Wakivutwa vibaya, upande mmoja ukabaki na kromosomu ya ziada na mwingine ukapungukiwa, mara nyingi mimba haifiki mbali.

Sasa, watu wa maabara hawataki mapacha waachane. Wanataka wasimame pale kwenye mstari, wanene, wanaonekana vizuri, wapigwe picha. Kwa hiyo walitia kwenye chupa ya damu matone machache ya dawa inayotoka kwenye ua fulani la milimani, inaitwa kolchisini. Dawa hiyo inazizuia nyuzi zisijijenge. Kromosomu zinabaki zimesimama, zinasubiri kuvutwa na mvutaji haji. Hapo Azniv alizidondosha kutoka juu kwenye kioo baridi ili zitawanyike, akazipiga picha, akaikata picha kwa mkasi, kijiti kimoja kimoja, na kuvipanga kwenye kadi, kila kimoja na mwenzake. Miaka yote ya kazi yake alikuwa ameziona zimesimama tu. Hakuwahi kuwa na haja ya kuziona zikiondoka. Yeye alilipwa kwa kuzisimamisha.

Na dawa hiyohiyo ndiyo aliyokuwa akiimeza kila asubuhi.

Sisi Waarmenia tuna homa yetu. Inatembea na damu ya ukoo, haiambukizi jirani. Inakuja bila kubisha, tumbo linakuwa gumu kama ubao wa kukatia nyama, mtu analala amejikunja siku chache, kisha inaondoka kama vile haikuwapo. Zamani madaktari walidhani ni kidole tumbo, wakakata. Nusu ya wazee wa mtaa huu wana kovu la kidole tumbo kilichotolewa bure, na mtu asiye nalo tunamwuliza kwa utani kama kweli ni wa kwetu. Baadaye ikagundulika kwamba kidonge kidogo cha kolchisini, kikimezwa kila siku, kinaizuia. Hanadi alikuwa akisema kwamba Azniv na seli zake wanakunywa chupa moja. Utani huo uliwachekesha miaka mingi.

Asubuhi ile haukuchekesha. Walipomaliza kufurahi, Azniv akavaa glavu, akavuta dawa kwenye kidude cha kudondoshea, akainamia chupa ya kwanza. Mkono ukagoma hewani. Alikuwa na kitu tumboni ambacho kazi yake yote, usiku na mchana, ni kugawanyika. Moja kuwa mbili, mbili kuwa nne. Na yeye alikuwa amekimiminia dawa ya kusimamisha, tena kwa hiari yake, kwa glasi ya maji.

Alikwenda kwa Daktari Widad, mama mtu mzima aliyemtibu homa tangu yu msichana. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba kinachofika kwenye damu kutoka kwenye kidonge ni kivuli tu cha kile wanachokimimina kwenye chupa, kwamba wanawake wengi wamekimeza wakazaa salama, na kwamba cha kuogopwa hasa ni homa, kwa sababu homa ikishika tumbo hushika na mfuko wa uzazi. Akamwambia aendelee kumeza.

Azniv akasema ndiyo, daktari. Na kuanzia kesho yake hakumeza tena.

Usimwite mjinga. Wengine tunaogopa tusichokiona. Yeye aliogopa alichokuwa akikiona kila siku ya kazi. Kila asubuhi, mama mkwe wake Diruhi akiwa amekaa mezani na mkate wake, Azniv alitia kidonge mdomoni, akanywa maji, akaenda jikoni na kukitema kwenye sinki. Nubar hakujua. Hanadi hakujua. Alizidi kutembea na lile trei lake la mayai, akihesabu kwamba amemlinda mtoto.

Homa ikamkuta Jumapili, wanakunja manti, vile vifuko vidogo vya unga na nyama, yeye na Diruhi, unga umewafika viwikoni. Azniv aliweka kipande cha nyama katikati ya unga, akabana ncha, kisha akalaza paji la uso mezani palepale kwenye unga na hakuinuka. Diruhi akamgusa shingo. Alikuwa anawaka.

"Tangu lini humezi?" akauliza. Hakuuliza kitu kingine. Alikuwa ameijua homa hiyo kabla Azniv hajazaliwa.

Hospitalini walimkuta daktari mpasuaji kijana, mgeni wa upande wetu wa mji. Alibonyeza tumbo, akaona lilivyo gumu, akasikia kuna mimba, akasema kidole tumbo kinakaribia kupasuka, atayarishwe. Hakusema vibaya, mtu yeyote aliyefundishwa vizuri mahali pengine angesema hivyo. Wakaanza kukisukuma kitanda. Walipofika mlangoni wakamkuta Diruhi amesimama katikati, mfupi, mpana, unga bado mikononi.

"Mama, tupishe," yule kijana akasema. "Tukichelewa tutawapoteza wote wawili."

"Wewe ni mtoto wa nani, mwanangu?"

"Mama, tafadhali."

Diruhi akapandisha gauni lake palepale kwenye korido, mbele ya wauguzi, na Nubar akageukia ukuta. "Hili la Aleppo," akasema, anaonyesha kovu. "Walikitoa, kilikuwa kizima. Hili hapa la Beirut. Hawa walikwenda kukitafuta tena, hawakuamini kwamba hakipo. Sasa wewe unataka la tatu, na tumbo langu limejaa, unataka la mkwe wangu. Humkati mpaka Widad aje."

Muuguzi mmoja akaziba mdomo kwa mkono. Kijana, na hapo nampa heshima yake, aliishika simu mwenyewe. Daktari Widad akaja na viatu vya nyumbani. Maji kwenye mshipa, dawa ya maumivu, kusubiri. Lakini mfuko wa uzazi ulikuwa umeshaanza kujibana, na damu kidogo ilionekana, na kwa muda ule wote homa ilipokuwa inapanda Nubar alisimama miguuni pa kitanda akiikunja kofia yake kama anataka kuikamua. Hakuna aliyesema neno mtoto. Hatimaye homa ikaondoka kwa desturi yake, ghafla. Wakaleta mashine, wakapaka mafuta tumboni, wakatafuta. Ule moyo mdogo ulikuwa bado unapiga mbio.

Nubar alitoka nje kulia. Diruhi akabaki, akavuta kiti.

"Ulikuwa unakitemea wapi?"

"Kwenye sinki, mama."

Diruhi akamweleza jambo ambalo Nubar mwenyewe hajui. Kabla ya Nubar, na baada yake, kulikuwa na wengine. Homa iliwachukua wakiwa tumboni. Mmoja alikuwa ameshaota kucha, aliziona. Wakati ule kidonge kilikuwa hakijatufikia.

"Mimi sikuwa na cha kumeza," akasema. "Wewe unacho, na unalisha sinki."

Azniv akalia. Akasema si kwamba anadharau. Anazijua seli. Kila siku anaitazama dawa hii inavyozifanya, zimesimama kama watu wanaosubiri gari ambalo limefutwa. Atamezaje kitu huku anajua?

"Unazijua za kwenye chupa," Diruhi akamwambia. "Za kwako umeziona?"

Azniv akatikisa kichwa.

"Basi nenda kaziangalie za kwako. Maana macho yako ndiyo unayoyaamini. Sisi wengine na Widad wetu wote waongo."

Alilisema kwa hasira, lakini Azniv aliacha kulia papo hapo. Alilala pale anaangalia dari, na mtu aliyemfahamu angejua kwamba yuko maabara tayari.

Mpango wake ulikuwa huu. Seli za damu zikiwekwa kwenye chupa zinataka chakula, na kwa kawaida hupewa maji ya damu ya ndama. Yeye angechukua seli zake na kuzilisha maji ya damu yake mwenyewe, yaliyochotwa akiwa amemeza kidonge. Chochote ambacho kidonge kinakiacha kwenye damu yake, seli zingeishi ndani yake na kugawanyika ndani yake. Asingetia tone hata moja la dawa ya maabara. Kama kidonge kinazikatisha nyuzi, angekuta mapacha wote wamesimama. Kama hakikatishi, wangeondoka.

Tatizo lake unaliona. Ili kujaribu ilibidi ameze, na ameze kila siku kama zamani, ndipo damu iwe ile ile. Akamwahidi Daktari Widad kwamba atameza mpaka jibu litoke, baada ya hapo atajua mwenyewe. Daktari akamwambia waziwazi kwamba chupa si mfuko wa uzazi na jaribio lake halitathibitisha yote. "Lakini kama ndiyo njia ya kukufanya umeze," akasema, "hata ukazioteshe juu ya paa, mimi sina neno."

Hanadi ndiye aliyemchoma sindano, huku akimtukana kwa kumficha. Alimwita mwizi, mnafiki, mke mwenza wa sinki. Kisha akaandaa chupa mbili: moja ya kutiwa dawa ya maabara kama kawaida, nyingine ya maji ya damu ya Azniv peke yake. Zikaingia kwenye joto. Umeme ukikatika, na miaka ile ulikatika ukipenda, Hanadi alishuka mbio kuwasha jenereta akiwalaani mawaziri wote kwa majina. Na kila asubuhi Azniv alimeza mbele ya Diruhi, akafungua mdomo, akainua ulimi aonyeshe chini yake, kama askari anakaguliwa.

Siku ya kuangalia ilikuwa katikati ya wiki, mchana, watu wengine wamekwenda kula. Kioo cha chupa ya kwanza kilikuwa kile anachokijua. Zimesimama. Kila seli iliyokuwa ikigawanyika imekwama palepale. Akakitoa, akaweka cha pili.

Seli nyingi za damu hukaa tu, mviringo, hazina habari. Alisogeza kioo, akasogeza. Akapata moja inayogawanyika: mstari katikati, zimesimama. Akasogeza tena. Nyingine. Zimesimama. Hanadi, aliyekuwa nyuma yake, aliona mgongo wake unavyokaza.

"Umeona nini?"

"Zimesimama."

"Usiangalie zilizosimama. Ni lazima zisimame kwanza, si ndiyo kazi ilivyo? Tafuta zilizotoka."

Azniv akarudi. Akasogeza taratibu, safu kwa safu, kama mtu anayepekua mchele. Kisha mkono wake ukatulia.

Yalikuwa makundi mawili. Katikati peupe. Kila kromosomu imejikunja, kiuno kimetangulia na mikono imebaki nyuma, kama mtu anavutwa kwa mshipi wake. Mapacha waliokuwa pamoja sasa wanapeana migongo, hawa kwenda juu, hawa kwenda chini, na hakuna hata mmoja aliyebaki njiani. Alikuwa ameishi na kromosomu muda mrefu kuliko alivyoishi na mumewe, na hii ndiyo ilikuwa mara ya kwanza anaziona zinakwenda.

Akatafuta nyingine, akaipata. Na nyingine, hii makundi yameshafika mwisho kabisa na seli imebinywa katikati, inakaribia kuwa mbili. Zikawa zinamjia sasa kana kwamba zilikuwa zinamsubiri ajue kuangalia. Akamvuta Hanadi kwa mkono wa koti, akamkalisha kwenye kiti chake, na Hanadi akainamia darubini na kukaa hapo muda mrefu.

"Tazama wanavyokimbia," Hanadi akasema mwishowe. "Na damu yako ilikuwa imejaa kidonge."

Azniv akaenda kwenye simu ya ukutani, akapiga nyumbani.

"Mama, zinaondoka."

"Nani anaondoka?"

"Kromosomu, mama. Zangu. Nyuzi zinazivuta, zinaachana vizuri, zote."

"Ziende salama. Umemeza leo?"

"Nimemeza."

"Basi ukitoka kazini pitia mtindi, manti zinakungoja."

Kuanzia siku hiyo lile trei la mayai liliteremshwa kichwani. Azniv alirudi kutembea kama Azniv, kifua mbele, tumbo mbele zaidi, na sokoni ndiye aliyewatazama watu usoni mpaka wao wakatabasamu kwanza. Miguu ilipovimba Nubar alimshonea viatu vipana vya ngozi laini, akavibandika soli mbili, akavitia dirishani kwanza siku nzima ili mtaa uvione. Daktari Widad alimpa hiari ya kuchomwa sindano ya kuvuta maji ya mimba, kromosomu za mtoto zihesabiwe. Azniv, aliyekuwa akiyapokea maji hayo ya wanawake wengine kila wiki, alifikiri, akakataa. Alisema ameshawazuia wengi njiani katika maisha yake, hawa watapita bila kusimamishwa. Homa ilijaribu kurudi mara moja, siku moja, kidogo, kama mtu anayechungulia mlangoni. Ikakuta nyumba ina mwenyewe.

Akazaa msichana. Alitoka anapiga kelele mpaka mkunga akacheka. Diruhi alimkagua vidole vya mikono, vya miguu, masikio, kucha. Kwenye kucha alikaa zaidi. Kisha akamgeukia Daktari Widad na kutangaza kwamba kila kitu kipo, na sauti imezidi kipimo. Wakamwita Maral.

Jino la kwanza lilipochomoza tukaitwa kwenye ngano yake. Unajua ilivyo: ngano imechemshwa, ina sukari na komamanga na jozi, mtoto anaketishwa kwenye zulia, shela juu ya kichwa, na mabibi wanamnyunyizia punje huku wanamwombea meno mazuri. Nyumba ilijaa mpaka kwenye ngazi. Yule mpasuaji kijana alikuja pia, Diruhi alimwalika mwenyewe, akampakulia bakuli mbili na kumwambia ale, hapa hakatwi mtu. Maral alikuwa amekaa katikati ya kelele zote, punje kwenye nywele zake zote, anatafuna kimoja cha vidole vyake kwa hilo jino lake jipya.

Hanadi alikuwa amekaa chini karibu na Azniv, mdomo umejaa ngano. Akaliuliza bila kupanga, kama mtu anavyouliza jambo akiwa ameshiba na amefurahi.

"Shoga, na siku ile ungezikuta zote zimesimama? Hakuna hata moja iliyotoka. Kesho yake ungemeza?"

Diruhi akasimama na bakuli mkononi. Azniv alimtazama mwanawe. Akamtoa punje moja iliyoingia sikioni, akaitazama kwenye kidole chake.

Mimi nilikuwepo, na tangu siku ile najiuliza. Homa iko upande huu, dawa iko upande ule, na macho yako mwenyewe yamekwambia hapana. Wewe ungemeza?